Matundu

Jumamosi, saa tisa alasiri, Keko,
maranda ya mninga bado yamewaganda nyweleni
waliotoka karakana bila kunawa,
tukaanza na mbege kwa Mama Ndeenengo
kwa sababu kwake ndiko kuna kivuli.

Mimi ni mweka hazina. Mweka hazina hagusi pombe,
anakunywa soda na kubeba ndoo.
Ndoo ilikuwa ya rangi, lita kumi,
mfuniko umetobolewa kwa patasi ya Kibwana,
upenyo wa kupitisha noti iliyokunjwa mara mbili.
"Tundu la kwanza hilo," alisema. "Bado kumi na tisa."

Maana ndivyo shule inavyohesabu: si vyoo, ni matundu.
Wasichana mia sita na kumi na mmoja,
matundu manne, na moja limetitia tangu masika.
Ukigawa unapata foleni
inayoanza na kengele ya mapumziko
na kukatwa na kengele ya kurudi darasani.

Masharti yalikuwa mepesi:
kikombe elfu moja, nusu ya mpishi, nusu ya ndoo.
Baada ya mbege, ulanzi kwa Mtitu,
ulioondoka Iringa mtogwa ukafika mkangafu
kwa jua la njiani na uvivu wa basi.
Kisha wanzuki. Kisha, nyuma ya duka la magodoro,
kwa Elineema, aliyesomea kemia akakosa ajira,
anayepika bia ya mtama na ukwaju kwenye mapipa mawili
na kuieleza kwa muda mrefu kuliko wa kuinywa.
"Sikilizeni ule uchachu unaokuja kwa nyuma."
Lugendo akaonja, akageuka kutazama nyuma.

Lugendo huyo, anayedaiwa na kila mwenye duka,
alitumbukiza noti ya elfu kumi akadai chenji.
Nikamwambia ndoo haina chenji.
Aliitafakari sentensi hiyo njia nzima.

Na kila kituo wanaume walikojoa.
Ukutani. Kwa Mtitu, ukutani
penye maandishi mekundu ya kukataza.
Walikwenda wawili wawili, ubishi wa penalti haukatiki,
wakarudi wepesi, wakivuta zipu,
kama watu waliotoka kuchungulia mvua.

Mimi nilikuwa na soda nne tumboni.
Kwenye wanzuki choo kilikuwa na kufuli,
mwenye ufunguo yuko msibani Mbagala.
Kwa Elineema niliuliza kwa sauti ya chini.
Aliona haya, akanionyesha pipa lililokatwa katikati.

Nikabana. Mwili haukusahau somo:
magoti pamoja, pumzi fupi, usicheke,
ukichekeshwa uma shavu kwa ndani.
Nilifaulu somo hilo nikiwa darasa la tano,
shule hii hii. Halimo kwenye cheti.

Saa mbili usiku tulimwaga fedha kwenye meza isiyopigwa msasa.
Laki nne, elfu thelathini na moja, mia tano,
kifungo cha shati, na risiti ya luku.
Mwalimu Sikudhani alipiga hesabu mara mbili
kabla ya kusema: "Nusu tundu."

Walicheka. Walicheka mpaka benchi likapinduka.
Mmoja akauliza nusu hiyo ni ya juu au ya chini.
Kibwana peke yake hakucheka.
"Milango yote juu yangu," alisema,
"na komeo la ndani. Komeo, siyo kamba."

Nyumbani ni mbali. Shule iko njiani.
Mlinzi, Ngonyani, alinimulika usoni, akaiona ndoo,
akafungua geti bila kuniuliza nataka nini.
Tundu la pili kutoka mwisho, lile lile,
fremu bila mlango, giza likisaidia kidogo.
Nikaweka ndoo kizingitini, ikae badala ya ubao.

Nikakohoa, tulivyokuwa tukikohoa
ili ajaye ajue kuna mtu.

Kule getini Ngonyani naye akakohoa,
akageuzia tochi yake barabarani.