Ongeza Saa Tisa

Pacha wa Thureya walishuka usiku mmoja:
Kurwa saa tano na nusu,
Doto saa sita na robo.
Nesi Kadzo akaandika daftarini kwa kalamu inayovuja.
Asubuhi nikahamishia kwenye kompyuta:
tano ikawa ishirini na tatu, sita ikawa sifuri,
na seva, huko iliko, ikapunguza saa tatu kimyakimya
kama muuza duka anayepunja sukari.

Leo Bi Mwanate Shebwana yuko dirishani,
karatasi mbili mkononi, buibui limelowa
toka Langoni hadi hapa hospitali.
"Alhamisi? Nani kazawa Alhamisi?"

Nikaliuliza jedwali:
nipe jina, nipe tarehe, kutoka uzazi,
ambapo mama ni Thureya.
Alhamisi, likasema. Alhamisi.
Kosa langu, si la mashine.
Nilisoma saa ya Grinwichi kwa macho ya Amu.

Nikaongeza tatu.
Kurwa akabaki alipo;
Doto akaruka kizingiti cha usiku wa manane,
akatua Ijumaa.
Sahihi kabisa, kwa hesabu ya serikali.

"Pacha, siku mbali mbali?"
Bi Mwanate akagonga kioo kwa pete.
"Mwanangu, siku huzawa yuwa likitwa.
Wote wawili ni wa Ijumaa. Hata punda huyua."

Foleni nyuma yake ikacheka. Mimi nikahesabu vidole:
toka magharibi hadi tarehe ya serikali igeuke,
saa sita.
Tatu na sita.
Nikaandika tisa, mchezo tu, nikabonyeza.

*Ijumaa, 05:30.*
*Ijumaa, 06:15.*

Nikaisoma mara mbili.
Si siku peke yake. Hata saa
zilirudi kama zilivyotoka kinywani mwa Kadzo,
tano na nusu, sita na robo,
kana kwamba mle ndani, chini ya tarakimu zote,
pana mtu wa kwetu aliyekuwa akingoja kuulizwa vizuri.

Kilichohifadhiwa sikukigusa.
Nilichobadilisha ni swali.

Nikamchapia karatasi za serikali, siku mbili,
muhuri juu yake.
Nyuma nikaandika kwa mkono: *usiku wa Ijumaa, wote.*
Bi Mwanate akazikunja,
upande wa muhuri ukawa ndani.