Kitanda cha Kutandikiwa

Julai, Auckland. Mvua inachapa dirisha la jikoni.
Aleki amepanga karatasi mezani kama mcheza karata
anayejua kwamba atafungwa:
hoteli ya pwani ya kusini, yenye bwawa na mtelezo;
vibanda vya makuti pale Lalomanu, mawimbi mlangoni,
ila mlango wenyewe hakuna;
na Savai'i, kwa dada yake Fuatino,
ambako hulipi senti, unalipa mengineyo.

Watoto wameshapiga kura: mtelezo.
Onosai, miaka sita, amepiga mara mbili,
mkono wake na wa mwanasesere.

"Na wewe?"

Mimi husafisha vyumba kumi na vinne kwa siku
karibu na uwanja wa ndege.
Nakijua kilicho chini ya vitanda vya watu:
soksi moja, daima moja; meno ya bandia;
barua ya mapenzi iliyochanwa vipande vinne
nikaiunga, Mungu anisamehe, nikaisoma nimesimama.
Najua kukunja pembe ya shuka ikakaa kama bahasha.
Miaka tisa natandika, sijatandikiwa.
Nikasema, "Hoteli. Siku tatu tu.
Nataka kulala kitanda ambacho sikukigusa."

Aleki akakuna shingo.
Kwetu, kulala hotelini na dada yako yu hai
ni kumvua nguo mbele ya kanisa.
"Hatajua," nikasema,
nikacheka mwenyewe kabla sijamaliza.
Kisiwa kile kina masikio kuliko minazi.

Usiku ule ule simu ikalia.
"Nasikia mnakuja," Fuatino akasema. "Nguruwe nimeshamchagua.
Ana madoa. Waambie watoto wasimpe jina."

Tukaenda hotelini hata hivyo.
Bwawa lilikuwa buluu mno, kama limepakwa rangi jana.
Watoto waliteleza hadi vidole vikawa zabibu kavu.
Mimi nikalala chali, mikono kando,
nikingoja kujisikia mgeni.

Saa tatu asubuhi, hodi.
Msichana na kigari cha mataulo,
nywele kazifunga kama nizifungavyo mimi kazini.
Akanitazama, kisha akaliona taya la Aleki
kwenye uso wa Onosai.
"Wewe ndiye mkaza mjomba wangu," akasema.
"Mimi Telesia, wa tatu kwa Fuatino.
Mama anauliza mtafika lini."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma.

Sasa niambie: ungekaa kitini
umtazame akiinamia kitanda chako?
Nikashika pembe ya pili.
Shuka ikapaa baina yetu, ikatua.
Akanifundisha kulikunja taulo likawa kasa.
Nami nikamfundisha bahasha.

Kesho yake tukapanda feri, siku mbili tulizolipia
tukiziacha nyuma zilale peke yake.

Nyumba ya Fuatino haina kuta; ina nguzo, upepo na watu.
Alitukumbatia bila neno lolote la hoteli,
ila alipompa Aleki kikombe cha kakao
alimwuliza, polepole,
"Bwawa lilikuwa na maji?"
Basi. Hakurudia.
Na jua halijatua, nguruwe ana jina.

Usiku akaniongoza hadi kitanda pekee cha nyumba ile, chake.
Yeye akatandika mkeka chini, katikati ya watoto.
Nikabisha. Akasema, "Mgeni hapangi."
Shuka ya maua, inanuka sabuni ya mche na jua la mchana.
Pembe hazikuwa bahasha. Upande mmoja ulipungua,
mguu wangu ukabaki nje mpaka alfajiri.
Mbu wakaula.
Sikuuvuta ndani.