Waliolala Kwemsonge

Kishikwambi kilikataa kuniambia nilipo.
Nikakiinua juu, nikazunguka nacho
hadi penye jaa la makumbi ya nazi,
ndipo kikakubali: nyuzi tano na kitu, kusini,
nyuzi thelathini na nane na kitu, mashariki.
"Hiyo 'na kitu' ndiyo sisi," akasema mwenyekiti Semkiwa,
akacheka peke yake.

Yeye ana namna yake ya kuelekeza:
ukitoka Muheza, shuka penye mzani uliokufa,
fuata tuta la reli ya mkonge (reli yenyewe iliuzwa chuma chakavu),
vuka kijito mara mbili, ni kijito kilekile,
na ukiona husikii tena mashine ya kusaga,
umefika.

Swali lilitungwa na watu wa Dodoma:
nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo?
Si nani anaishi. Si nani kwao.
Alilala.

Kaya ya nne, Bi Namkunda akanitajia watoto saba.
Mikeka ilikuwa mitano.
"Wawili wako Mombasa, lakini andika,
sahani zao zile pale."
Nikatazama sahani. Za bati, zimefunikwa kifudifudi.
Nikaandika watano.
Hakunisindikiza.

Kaya ya kumi na tisa: Mbwego kalala hapa.
Kaya ya ishirini, ua mmoja, mke wa pili:
kalala kwangu, kikohozi chake nimekisikiliza hadi alfajiri.
Mwenyewe nilimkuta juu ya dungu, shambani kwa mihogo,
tochi shingoni, macho mekundu kama ya njiwa.
"Nililala? Nani kakwambia nililala?
Nguruwe wamemaliza matuta mawili!"
Nikatafuta kisanduku cha mtu ambaye hakulala.
Hakipo. Nikampa mke mkubwa,
na mdogo akaniangalia mpaka nikaangusha kalamu.

Kaya ya ishirini na sita kulikuwa na mtoto wa usiku uleule.
Kabla ya saa sita, anahesabiwa; baada yake, hayupo.
"Saa ngapi, mama?"
"Mimi nilishika kichwa," mkunga akajibu, "sikushika saa."
Mtoto akapiga chafya.
Umri: sifuri. Nikabonyeza.

Jioni nikajumlisha: kaya thelathini na moja,
watu mia na ishirini na sita.
Semkiwa akatikisa kichwa. Alikuwa na zake,
kokwa za korosho ndani ya kofia,
mia na ishirini na saba.
Nikarudia. Akarudia. Kokwa moja ilibaki mkononi mwake.
"Na wewe," akauliza, "jana ulilala wapi?"

Pikipiki ilikuwa imekata mnyororo.
Nililala kwa dada yake, Bi Mashavu,
kitanda cha kamba, chandarua chenye matobo matatu
niliyoyafunga kwa uzi wa ukili kabla ya kuzima koroboi.

Sasa Kwemsonge ni mstari mmoja kwenye jedwali,
kaya 31, watu 127,
na sijarudi huko.
Mama yangu, Tanga mjini, Chumbageni, bado ananinunia kidogo.
Siku ile alimwambia karani wake kwamba nipo,
akamwonyesha chakula changu, kimefunikwa kawa.
Kijana yule, anasema, alikuwa na adabu sana.
Aliomba radhi kwanza,
ndipo akanifuta.