Vidole Viwili

Kisigino cha Khainza kilijua kabla ya bomba letu.
Pale Manafwa inapopinda chini ya Bubulo,
kwenye mgomba ulioinama,
yeye hufua sare za watoto, na kila kiangazi
hatua ile ile moja humng'ata kwa baridi.

Sisi tulifika kwa pikipiki,
na daftari, na bomba la plastiki lenye matundu upande wa chini.
Tukalipigilia kwenye sakafu ya mto
hadi nyundo ikagoma.
Tukangoja. Wamimbi akawasha sigara, akaizima nusu.
Maji yakapanda ndani ya bomba,
yakaupita mto uliokuwa nje,
yakasimama juu yake vidole viwili.

"Basi hapa yanatoka," nikasema, nikaandika.
"Yanatoka," akasema Khainza, akikamua kaptula.
"Mama mkwe alikuwa akizamisha kibuyu cha maziwa hapo,
yasichache hadi jioni."
Hilo sikuliandika. Daftari halikuwa na safu yake.

Hatua arobaini kushuka, penye kokoto,
maji ya bomba yalikaa vidole vitatu chini ya mto.
Huko mto ndio unaotoa.
Unanyweka kimya, punje baada ya punje,
unapita chini ya kwato, chini ya mizizi ya migomba,
siku ngapi gizani hakuna ajuaye,
kisha unachungulia kwingine
ukiwa na ladha ya chuma
na bila povu la sabuni,
maana umeliacha kwa wadudu wasio na macho
ambao sensa haijawafikia.

Ofisini Mbale mto ni mstari wa buluu,
mwembamba kama uzi: huku maji, huku udongo.
Lakini Januari, mvua imekata tangu Novemba,
mto bado unatembea.
Unatembea na nini?
Na mvua ya Aprili, ile iliyotulowesha, tukaitukana,
inarudi sasa kwa miguu.

Nilirudi mwezi wa pili.
Malori ya mchanga yalikuwa yametangulia.
Bomba halikuwepo, wala pindo halikuwa pindo,
shimo tu, na maji ya kahawia yasiyojua pa kwenda.
Khainza alikuwa ndani hadi magotini,
beseni kichwani,
akisogeza mguu wa kushoto, akisogeza tena,
kama mtu anayepapasa ukuta usiku
katika nyumba yake mwenyewe.