Herufi Tano za Akiba

Buguruni Malapa, kibandani kwangu,
herufi moja naiandika kwa mia tano.
Nimeandika GENGE, nimeandika NYUMBA HII HAIUZWI,
nimeandika USIKOJOE HAPA mpaka mkono umekariri.
Mteja akija na neno refu namshauri apunguze.
Juzi mama mmoja alitaka MKAA WA UHAKIKA,
akahesabu pesa zake, akaondoka na MKAA.

Leo mteja ni mimi.
Kadi ya kliniki ina siku kumi na moja
na bado imeandikwa: Mtoto wa Havijawa.

Bibi yangu wa Kisarawe aliitwa Sikudhani.
Herufi tisa. Nimezihesabu kwa kidole
juu ya godoro, gizani, umeme umekatika.
Nasi hatukudhani. Miaka minane,
na ndoo ya kuogeshea ilishageuzwa ya chokaa.

"Siku," anasema Havijawa. "Inatosha. Siku."
Nne.
Anaipenda ilivyo nyepesi mdomoni,
inavyofika hata ukiita kutoka bombani.
"Jina fupi," anasema, "halina pa kukatwa."

Ana haki ya kusema.
Mwalimu wa darasa la kwanza alimkata,
akamwandika Hawa, eti daftari jembamba.
Cheti cha la saba: Hawa. Kitambulisho cha taifa: Havijawa.
Ikabidi aende kwa wakili, Mnazi Mmoja,
kuapa kwamba yeye ni yeye.
Akalipia muhuri.
Akapewa karatasi isemayo wanawake hao wawili ni mtu mmoja.
Ameitia kwenye bahasha ya kaki, chini ya vitenge,
kama hirizi.

Nikamwambia: lakini Siku peke yake
ni sentensi iliyokatika pumzi.
Siku, nini? Sikupata. Sikubeba. Sikuona.
Tuliyasema hayo yote humu ndani
kila mwezi, kwa zamu.
Sitaki mtoto aanze kwa kukana.

"Siku ni siku," akasema. "Kumekucha, basi."
Akageukia ukutani. Mtoto akacheua.

Nikampigia shangazi Mwanaharusi, nimpate shahidi.
"Sikudhani?" akacheka. "Nani alimwita hivyo?
Mgambo wa kodi.
Na siku tuliyomzika.
Sisi wote tulimwita Siku,
na mbuzi wake walimjua kwa Siku."
Salio likaisha. Simu ilikuwa na sauti kubwa,
na mgongo wa Havijawa ulikuwa unatikisika kwa kicheko.

Usiku wa manane, ananyonyesha,
feni imesimama, mbu mmoja anatuzungukia.
"Kukata ni bure," akasema, kama anayejijibu.
Kimya.
"Kuongeza ndiko kwa wakili."

Asubuhi, Amana, dirisha la pili.
Karani akasema: herufi kubwa, msivuke mstari.
Nikatoa kalamu, Havijawa akanipokonya.
Mimi mwenye mkono wa biashara nikasimama na mtoto,
akaandika yeye, polepole, ulimi nje:
SIKUDHANI.
D imelala chali, H imeugusa ukingo.
Kazi ile ningemrudishia mteja pesa zake.

Jioni nikachukua ubao wa kitandani,
nikapiga msasa, nikafungua kopo la samawati.
Nikaandika SIKU.
Nikaanzia kushoto kabisa.

"Mbona hukuiweka katikati?"

Nimeacha nafasi, nikamwambia.
Herufi tano, au atakazo mwenyewe.
Sikuogopa. Sikuuza. Sikurudi nyuma.
Dhani pia itaenea, akiitaka.

Havijawa akauangalia ubao ule mtupu kwa muda,
akagusa U kwa ncha ya kidole.
Haijakauka.
Akaipangusa samawati kwenye shati langu,
akaenda kumwita mtoto ambaye hajui kuitika.