Sheria ya Maji

Mama hakulalamika. Nililijua jambo hili kwa uzi.

Miaka arobaini cherehani yake imekaa barazani, Kadutu,
na uzi haukupita tundu la sindano
kabla haujapita midomoni mwake:
unalambwa, unachongwa ncha kwa meno,
unaingia. Pesa vilevile:
gumba ulimini, faranga zinahesabika chapuchapu,
hata zile zilizochakaa kama sombe ya juzi.

Jumanne namkuta amechovya uzi kwenye glasi.
"Mama, mate yamekwenda wapi?"
"Yamestaafu," akasema, "yamenitangulia."
Akacheka. Ulimi ukanata kwenye kaakaa,
ukabanduka na sauti ndogo, kama plasta.

Ndipo nikaanza kuhesabu nyuma.
Tonge la bugali analizungusha mdomoni
kama mtu anayetafuta pa kutokea Nyawera saa kumi na moja jioni.
Sambaza wa kukaanga, aliowala na vichwa vyao,
sasa anasema wana sindano. Yeye, fundi, aogope sindano!
Anawasukuma upande wa Cito:
"Kula, mjukuu wangu, wewe unakua."
Tukadhani ni mapenzi.
Nusu yalikuwa mapenzi.

Kwenye ndoa ya Nsimire aligusa tu nyama ya mbuzi,
wakwe wakanong'ona kwamba anawadharau.
Kile alichoshindwa kumeza alikifunga kwenye pindo la leso.
Nilikikuta Jumatatu, nikifua.

Anachokula: uji. Mashanza. Ndizi iliyoiva mno.
Biskuti iliyozamishwa kwenye chai mpaka ikafa.
Na bonboni, usiku, zilizofichwa chini ya mto,
maana zinavuta mate kidogo,
kisha zinadai malipo: jino la tatu limeng'oka mwezi wa nane.

Pale dispanseri walimpima mkono,
wakauliza usingizi, miguu, choo.
Mdomo hakuna aliyeuuliza.
"Vile vidonge vya tansiyo," muuguzi akaniambia nilipomshika mlangoni,
"huenda ndivyo vinavyokausha. Nitamwambia daktari. Asiviache lakini."

Na mvua, jamani! Bukavu mvua haimnyimi mtu,
inabomoa njia, inaingia vyumbani bila hodi,
ziwa liko pale chini limejaa,
na mwanamke mmoja katikati ya maji yote hayo
hana tone la kulainishia tonge.

Tulipokuwa wadogo alikuwa na sheria:
hakuna kunywa maji katikati ya chakula.
Tumbo likijaa maji, bugali utakaa wapi?
Kaka yangu Kalume alivunja mwiko huo mara moja,
akapigwa mwiko.

Leo nimesonga bugali laini, nusura uwe uji.
Sombe inaogelea katika mawese.
Samaki nimemchambua, nikamrudisha mchuzini.
Kisha nikaweka glasi kando ya sahani yake.

"Hii nini?"
"Maji, Mama."
"Katikati ya chakula?"
"Katikati ya chakula."

Akageuka kuona kama Kalume yupo.
Kalume yuko Uvira.
Akanywa kidogo, akameza, akanywa tena.
Matonge manne. La tano akampa Cito, kwa mazoea.

Baadaye akaketi penye cherehani,
akamwita mtoto, akamnyooshea uzi:
"Lamba hapa, baba. Kidogo tu.
Usiyamalize."