Salio

Tarehe mosi Novemba, saa kumi na mbili na robo alfajiri,
napiga ile namba iliyo nyuma ya kadi.
Sauti ya mwanamke asiyewahi kuona njaa
(si mwanamke, ni mashine, lakini ana adabu)
inaniambia: salio lako ni dola moja na senti arobaini na mbili.
Kisha inanitakia siku njema.

Nikapiga tena. Nani ajuaye, huenda alisoma vibaya.

Mimi ndiye Verna wa kaunta ya pili,
dukani kwa Stiltner, hapa Harlow Fork, Virginia Magharibi,
mahali mgodi ulipofungwa, kisha shule, kisha hospitali,
na kilichobaki wazi ni duka, kanisa na gereza.
Miaka kumi na mmoja vyakula vya watu vinapita mikononi mwangu,
hata najua nani ana mgeni, nani kaachwa,
nani ameanza kununua achari ya matango
kabla hajamwambia mama yake.
Kila mwezi, siku kama ya leo, toroli hugongana.
Leo nasikia friji zikinguruma.

Bwana Stiltner alikuwa ameagiza batamzinga arobaini.
Wako kule nyuma kwenye barafu, wamekunja miguu
kama wanaosubiri kuitwa.

Redioni wanasema serikali imefungwa.
Nimejaribu kuelewa: kitu kikubwa hivyo hufungwaje?
Duka najua kulifunga. Unazima taa, unatia komeo,
unamwacha paka ndani.
Wao wamezima nini? Wamemwacha nani ndani?
Upande huu hautaki hiki, upande ule hautaki kile,
na sisi tunaambiwa tufunge mkanda.
Wangu uliisha matundu tangu mwezi wa nane;
nilitoboa jingine kwa msumari.

Saa nne akaja mzee Odell Hagy na wajukuu watatu.
Mkate, mayai, siagi ya karanga, ndizi.
Akapitisha kadi. Akaifuta kwenye suruali, akapitisha tena,
kana kwamba tatizo lilikuwa vumbi.
Yule mdogo, Tansy, akaanza kurudisha vitu mwenyewe.
Akaanza na ndizi,
akiziweka taratibu zisichubuke,
na hakuna aliyemtuma.
Hilo ndilo lililonikata, si kadi:
kwamba alijua aanze na nini.

Ndizi zilikuwa dola moja na senti thelathini na nane.
Nikatoa kadi yangu.
Sheria hairuhusu, najua,
lakini na sheria si imefungwa?

Jioni nikapanga foleni chini ya kanisa la Wamethodisti.
Mbele yangu Lonnie Ratliff, askari wa gereza la shirikisho,
ndani ya sare, buti zimeng'arishwa,
wiki ya tano kazini bila mshahara.
"Wafungwa wamekula nini leo?" nikamuuliza.
"Kuku," akasema. "Na mahindi."
Akafikiri kidogo.
"Na kipande cha keki."
Hakucheka. Nami sikucheka.
Kisha tukacheka wote wawili, mpaka machozi,
mpaka mke wa mchungaji akageuka, upawa mkononi,
kutazama ni nani aliyeleta sherehe.

Nimepewa tambi, mchele, unga wa chapati za maji,
na kopo moja lisilo na karatasi.

Kabla ya kulala nikaipiga tena ile namba.
Senti nne, akasema, kwa sauti ileile
ambayo angeitumia kusema dola mia nne.
Siku njema, akasema, na nje giza limeshaingia.

Mwanangu Colby yuko jikoni, anatikisa kopo sikioni.
"Mapichi," anasema.
"Maharage," nasema.
Analitikisa tena, anafumba macho.
"Mapichi, mama. Sikiliza."

Tumekubaliana tusilifungue hadi kesho.